Nilimnukuu Russell Belk Kabla ya Kumsoma

Kwa miaka miwili na nusu nilikuwa naandika "Belk, 1988" jinsi watu wanavyoandika "Mpendwa Bwana au Bibi" juu ya barua ya kuomba kazi. Ni kubisha hodi tu. Unabisha, unaingia, unaendelea na yako.

Kazi yenyewe unaijua, hata kama hujawahi kuifanya, kwa sababu lazima una binamu anayeifanya. Mwanafunzi huko Uingereza au Marekani hana wakati, au hana hamu. Analipia insha mtandaoni. Oda inamfikia mwenye akaunti, ambaye anakaa Ruaka na ana gari, naye ananitumia mimi niliyekuwa Kahawa Wendani na sina. Shilingi 300 kwa ukurasa, makataa ni saa kumi na mbili asubuhi, ukichelewa unakatwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo na sababu zingine ambazo si za makala hii, halafu nikajipata nasomea digrii za watu wengine, usiku, nyingi kuliko mtu yeyote anavyoruhusiwa kusajiliwa.

Oda za masoko na biashara zilikuwa nyingi. Kwa nini vijana hununua viatu vya bei. Kwa nini mtu hulala nje ya duka akingoja simu mpya. Nikauliza bosi nianzie wapi, akanitumia insha ya zamani ya mtu mwingine niifuate kama mfano. Kwenye orodha ya marejeleo, karibu juu kabisa kwa sababu ya alfabeti, kulikuwa na Russell Belk: "Possessions and the Extended Self", Journal of Consumer Research, mwaka 1988.

"Bosi, hii sijaisoma," nikamwandikia.

"Nani amekuuliza kama umeisoma? Wanataka vyanzo kumi na tano. Weka, bana."

Nikaweka. Nikaendelea kuweka. Nikikadiria, nimemweka Belk kwenye insha arobaini hivi. Na si kumweka tu, nilimweka vibaya: ile insha ya mfano ilikuwa imeandika kurasa 139 hadi 186. Makala inaishia ukurasa wa 168. Mtu alibadilisha tarakimu mbili nafasi, mimi nikanakili, na mahali fulani huko Leeds au Ohio kuna watu wenye digrii zao kamili ambao wamesoma kurasa kumi na nane za Belk ambazo Belk hakuandika.

Nilidhani hii ni aibu yangu na ya wenzangu wa bedsita. Kumbe wakubwa pia. Mwaka 2003, Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti kuhusu kosa la aina hii hii. Walifuatilia makosa ya chapa kwenye marejeleo ya makala za kisayansi: nambari ya ukurasa iliyokosewa na mtu mmoja, halafu ikarudiwa vilevile na kumi, na ishirini. Hesabu yao ikawaambia kwamba ni kama asilimia 20 tu ya wanaorejelea kazi fulani ndio waliosoma kazi yenyewe. Mimi naona walikuwa wakali kidogo. Mtu anaweza kusoma makala vizuri kabisa halafu akanakili anwani yake kwa uvivu. Lakini niliposoma hayo nilicheka peke yangu kwenye matatu mpaka kondakta akaniangalia.

Sasa, huyu Belk ni nani? Alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1972, akafundisha miaka mingi Utah, kisha akahamia shule ya biashara ya Schulich katika Chuo Kikuu cha York, Toronto. Ukifungua Google Scholar, ile makala moja ya 1988 imerejelewa zaidi ya mara 20,000. Moja tu. Ameandika nyingine nyingi sana: kuhusu zawadi, kuhusu tamaa ya mali, kuhusu wakusanyaji wa vitu (kitabu kizima, mwaka 1995), kuhusu kugawana. Katika fani hii ya utamaduni wa ununuzi, ukitupa jiwe gizani utasikia Belk amesema aah.

Kipimo kinachotumiwa kupima watu kama yeye ni kile cha Jorge Hirsch, mwanafizikia aliyekibuni mwaka 2005. Kinaitwa h. Msomi ana h ya 50 kama kazi zake 50 zimerejelewa angalau mara 50 kila moja. Angalia kinachofanyika hapo. Kwa kipimo hicho, makala iliyorejelewa mara 20,000 na ile iliyorejelewa mara 51 ni ndugu wa kulingana; kila moja ni kidole kimoja. Kipimo kinapenda mtu anayetoa nyingi zinazorejelewa vya kutosha kuliko mtu aliyeandika kitu kimoja kikubwa. Belk ana vyote viwili, kwa hivyo hana shida. Lakini ndiyo maana ukitaka kujua kwa nini watu wamerudi kwenye kurasa zile 30 kwa miaka zaidi ya thelathini, nambari hazikusaidii. Inabidi usome. Nami nilichelewa kusoma hadi siku niliyofungiwa nyumba.

Sitaandika mengi kuhusu siku hiyo. Nilikuwa na deni la miezi miwili, nikarudi saa mbili usiku na laptopu mgongoni, nikapata kufuli jipya mlangoni. Ndani: godoro, meko, sufuria mbili, nguo, blanketi, bahasha ya khaki. Nikaenda kwa binamu yangu Githurai. Rafiki aliyekuwa bado chuoni alikuwa amenitumia PDF ya Belk miezi mingi iliyopita, kwa sababu ukitaka kuinunua kwa jarida lenyewe inadai dola, na mimi nililipwa kwa ukurasa. Sikuwa na oda usiku huo. Nikaisoma kwenye simu, nikivuta ukurasa kwa vidole viwili, usiku wa kwanza na wa pili.

Hoja yake ni rahisi kusema. Mtu haishii kwenye ngozi. Vitu vyangu, nyumba yangu, mwili wangu, watu wangu, mahali ninapotoka, vyote ni sehemu ya nafsi yangu, ndiyo maana vikipotea tunaomboleza. Wazo hilo hakulianzisha yeye. Analikopa kwa William James, ambaye alilisema mwaka 1890, na hafichi mkopo huo. Kutoka kwa Sartre anachukua njia za kukifanya kitu kiwe sehemu yako: kukitawala, kukiunda, kukijua. Yeye anaongeza ya nne, kuambukizana: kitu kilichoguswa na mtu kinabaki na mtu huyo ndani yake.

Halafu anarundika ushahidi. Watu walioibiwa nyumbani ambao wanahisi wamechafuliwa. Watu waliopoteza nyumba kwa mafuriko na kupita hatua zilezile za msiba. Wafungwa na wagonjwa wa akili wanaovuliwa nguo zao na vitu vyao mlangoni ili wawe watu wengine. Wazee wanaoshikilia picha. Waliozikwa na mali zao. Wanyama wa kufugwa, viungo vya mwili, pesa, mikusanyo, zawadi.

Nilipofika kwa wale wanaopokonywa vitu vyao mlangoni niliweka simu chini.

Kitu ambacho kilinishangaza ni kwamba sikuwa naomboleza godoro. Godoro ni godoro. Meko niliihesabu kwa pesa, shilingi ngapi, nitanunua lini. Kilichonikosesha usingizi ni bahasha, na si hata cheti cha KCSE kilichokuwa ndani yake, ambacho angalau kina kazi. Ilikuwa kitambulisho cha chuo. Kimeisha muda. Picha yangu nikiwa na miaka kumi na tisa na shati la kuazima. Hakifungui lango lolote. Sikukitawala, sikukiunda, na chuo chenyewe hakinijui tena. Lakini ukiniuliza usiku ule ni nini changu kiko nyuma ya kufuli ningesema hicho. Belk anayo sehemu kuhusu hilo, namna vitu vinavyobeba nafsi ya zamani, lakini mifano yake mingi ni ya watu wanaotunza kumbukumbu ya kitu kilichokuwa kizuri. Mimi nilikuwa natunza ushahidi wa kitu ambacho hakikutokea.

Kwa hivyo nasema wazi, kama mtu aliyemnukuu mara arobaini kwa uongo na sasa anaweza kumnukuu kwa haki: ni makala nzuri. Si kwa sababu inathibitisha jambo. Ni nzuri kwa sababu ni ghala. Inafanya kitu ambacho makala nyingi za majarida hayo haziwezi, inamfanya msomaji aangalie chumba chake. Na nadhani hapo ndipo siri ya zile rejea 20,000 ilipo. Kila mtu ana kitu cha kutundika kwenye msumari huo. Anayeandika kuhusu tatuu anatundika, anayeandika kuhusu mbwa anatundika, anayeandika kuhusu viatu kwa shilingi 300 anatundika pia.

Lakini msumari unaobeba kila koti una shida yake, na ilisemwa mapema. Mwaka 1989, mwaka mmoja tu baadaye, Joel Cohen aliandika jibu kwenye jarida lilelile, akiuliza kama nafsi hii haijapanuliwa kupita kiasi. Malalamiko yake, nikiyasema kwa maneno yangu: kama kila kitu ninachokijali ni sehemu ya nafsi yangu, basi "nafsi iliyopanuka" ni jina lingine tu la "vitu ninavyojali", na hatujaongeza maarifa, tumeongeza jina. Belk alimjibu. Mimi naona Cohen alikuwa na nusu ya ukweli. Meko yangu niliijali. Haikuwa mimi. Kitambulisho hakikuwa na faida yoyote. Kilikuwa mimi. Makala ya 1988 inanipa neno la kuelezea cha pili lakini hainipi mizani ya kutenganisha na cha kwanza. Na katika insha zote nilizofuata kama mfano, sikuwahi kumwona Cohen hata mara moja. Pingamizi halitundikiwi makoti.

Pingamizi langu mimi linatoka kwingine, na najua ni hatari kuchota falsafa kwenye sarufi, lakini nivumilie. Belk, kupitia Sartre, anahangaika na uhusiano wa "kuwa" na "kuwa na". Kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Kwa Kiswahili ni neno moja na mgeni wake. Nina sufuria. Mimi ni pamoja na sufuria. Kumiliki tunako, lakini nani anaamka asubuhi akasema namiliki sufuria? Hilo ni neno la wakili na la kesi ya shamba. Hivyo kile ambacho Belk anakifikia baada ya kurasa nyingi, kwamba kuwa na kitu ni namna ya kuwa, mama yangu anakisema akiulizia chumvi.

Mahali ambapo sarufi yetu inampinga ni kwenye nani ana. Belk anaanza na mtu mmoja halafu anapanua duara: mtu, familia, jamii, kundi. Familia ipo kwake, hakuisahau, lakini inakuja baada ya mtu. Sasa sikiliza mtoto wa pekee akiongea: atasema kwetu. Hata kama kwao ni yeye na mama peke yao. Godoro langu alininunulia dada yangu alipopata kazi ya kwanza. Blanketi ilikuwa ya shosho. Nilipompigia mama nikamwambia nimefungiwa, hakuuliza nitalala wapi, hilo alijua litapangwa. Aliuliza, "Na ile blanketi ya shosho, kijana yangu? Iko huko ndani?" Akanyamaza kidogo. "Haya. Tutaona." Aliyefungiwa hapo ni nani? Mimi niliona kufuli, lakini kulikuwa na nafsi tatu nyuma yake, na moja ilikuwa imeshakufa.

Kwa haki, Belk mwenyewe alirudi karibu na hapo. Mwaka 2010 aliandika makala inayoitwa "Sharing", ambapo anasema mfano halisi wa kugawana ni umama na jinsi watu wa nyumba moja wanavyotumia vitu bila kuhesabiana. Nayo inarejelewa kwa maelfu. Naipenda kuliko ile ya 1988, kwa sababu humo anaacha kumtazama mtu na mali yake kama wapenzi wawili waliojifungia chumbani.

Ile ya 2013, kuhusu nafsi kwenye ulimwengu wa kidijitali, ndiyo naona imezeeka haraka. Anasema vitu vimepoteza umbo, kwamba tunajiundia miili mingine mtandaoni, kwamba kumbukumbu zetu zimetawanyika kwenye mashine na nafsi zetu tunajengewa na watu wanaoacha maoni chini ya picha. Sawa. Lakini chukua simu ya mkopo, ile unayolipia kidogo kidogo kila siku, ukiruka siku kadhaa inajifunga ikiwa mkononi mwako. Ndani yake kuna picha zako, pesa zako, sauti ya mama yako. Umeijua, umeiunda kwa namna yako, umeiambukiza jasho lako, yaani umepita mitihani mitatu kati ya minne ya Belk. Wa kutawala umeshikwa na kompyuta ya kampuni. Hiyo ni sehemu ya nafsi yako, au wewe ni sehemu ya mali ya mtu? Nimesoma makala hiyo mara mbili nikitafuta mahali anapomfikiria mtu ambaye kitu chake kinaweza kumgeuka hivyo, na sikumpata. Mtu wake huwa ameshamaliza kulipa.

Kuna kitu kimoja zaidi. Mwaka 1986, Belk na wenzake walisafiri kwa gari la kulala ndani kutoka Los Angeles hadi Boston wakihoji watu masokoni na majumbani kuhusu vitu vyao. Safari hiyo ina hadhi ya hadithi ya uumbaji katika fani yao: wasomi walioacha dodoso na maabara wakaenda kuona. Ninawapenda kwa hilo. Mwaka 2000 Belk alichapisha, katika Journal of Macromarketing, makala kuhusu ununuzi wa wenye nacho wapya wa Zimbabwe. Kwa hivyo alifika na huku, kusini mwetu kidogo. Linganisha idadi ya rejea za Zimbabwe na za 1988 na utaona kijito kando ya ziwa. Mwenye mkono ni yuleyule, jicho ni lilelile. Tofauti ni kwamba ile ya 1988 inasema "mtu" bila kutaja nchi, ingawa watu wake wengi ni Wamarekani, na ile ya 2000 imeandikwa Zimbabwe kwenye jina lake. Ukiandika kuhusu Mmarekani umeandika nadharia. Ukiandika kuhusu Mzimbabwe umeandika kuhusu Zimbabwe. Hili Belk hakulifanya peke yake. Nililifanya na mimi, mara arobaini.

Nililipa deni la nyumba baada ya wiki tano. Godoro na meko vilikuwa vimeuzwa kufidia, blanketi pia, hakuna aliyejua ilienda na nani. Keateka alinipa bahasha ya khaki, haijafunguliwa.

"Chukua, kijana. Hizi karatasi haziuziki."

Nikamwambia asante, mzee.

Mwezi uliopita niliingiliwa na oda nyingine, kwa sababu bado nafanya kazi hii, makala kama hii unayosoma hailipi kodi. Viatu vya michezo tena, vijana tena, vyanzo kumi na tano. Niliweka Belk 1988, kurasa 139 hadi 168. Nikaweka Cohen 1989. Nikaweka ile ya Zimbabwe, na aya nzima kuihusu ambayo nilijivunia. Baada ya siku mbili kazi ikarudi kwa marekebisho. Mteja hakuwa na shida na Belk wa kwanza. Aliomba aya ya Zimbabwe itolewe, haihusiani na mada. Na Cohen, kama haitasumbua, abadilishwe na kitu cha karibuni.

Bosi akaniandikia: "Fanya haraka, bana, anangoja."